Kingston FURY Beast DDR4, GB 8 mara mbili: uzoefu wangu wa kuziweka kwa chaneli mbili

Seti hii ni vipande viwili vya RAM (memori ya kompyuta) vya GB 8, DDR4-3200 (3200 ndiyo kasi), CL16 (kipimo cha ucheleweshaji), ndani ya pakiti moja. Yangu iko kwenye prosesa ya Ryzen 5 5600G, madabodi ya B450 yenye sloti nne, hapa Kisumu, bila kadi ya grafiki. Hilo la mwisho ndilo linaloamua kama pesa imeenda mahali pake. Grafiki ya ndani ya prosesa haina memori yake yenyewe, inachota kwenye RAM hiyo hiyo. Chaneli ni njia ya data kati ya prosesa na RAM: moja ya 3200 hupitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde, mbili, 51.2. Kwenye gemu tofauti inaonekana kwa macho. Kama kazi yako ni kuandika barua na kuchapisha risiti za duka, hutaona chochote.

Sasa sloti, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mtu kujua. Ukihesabu kutoka kwa prosesa, kwa kawaida zinafuatana A1, A2, B1, B2. A1 na A2 ni za chaneli moja. Ukiviweka vipande viwili humo, jirani kwa jirani, kompyuta inawaka vizuri, Windows inasoma GB 16 zote, mteja analipa na kwenda zake, kumbe amebeba chaneli moja. Mahali pake ni A2 na B2, yaani ya pili na ya nne. A1 na B1 pia zingekupa chaneli mbili, lakini kwenye bodi nyingi za aina hii njia za shaba hupita sloti ya kwanza na kuishia ya pili. Ukijaza ya kwanza, kipande cha njia kinachobaki kikining'inia hurudisha mwangwi wa mawimbi, na kasi ya 3200 inaanza kuyumba. Rangi usizitegemee, bodi zingine zina sloti nyeusi tupu. Soma maandishi madogo yaliyochapwa kando ya sloti. Wenye bodi ya sloti mbili hawana la kuchagua, wajaze zote.

Kuingiza kwenyewe ni haraka. Zima, chomoa waya wa stima, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, kisha laza kesi juu ya meza. Pengo la kipande haliko katikati kabisa; lisipolingana na kijino cha sloti, geuza, usilazimishe. Sukuma ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka klipu ijifunge yenyewe. Bodi zenye klipu upande mmoja tu ndizo zenye hila: ule upande usio na klipu unaweza kubaki umeinuka kidogo. Inama uangalie kwa upande kama meno ya dhahabu yamezama sawa pande zote. Kwa urefu wa takriban mm 34, vipande hivi havigusi feni ya kawaida inayokuja na prosesa.

Ukiwasha mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi kwa muda. Bodi inajifunza memori mpya, kwa hivyo usikimbilie kuzima. Ikikataa kabisa na taa ya DRAM (taa ya onyo la RAM kwenye bodi) ikabaki imewaka, acha kipande kimoja ndani ya A2, jaribu, kisha weka kile kingine hapo hapo. Vyote vikiwaka kimoja kimoja, ondoa betri ya CR2032, ile ndogo ya duara kwenye bodi, kwa dakika chache, irudishe, halafu weka viwili tena. Wanaopenda kusugua meno ya RAM kwa raba ya penseli wafanyie mbali na bodi. Makombo yake yakiingia kwenye sloti yanaleta shida mpya. Alkoholi ya isopropili ni bora.

Bila kugusa BIOS (mipangilio ya ndani ya madabodi), seti hii huamka kwa 2400 na volti 1.2. Kuna wanaolia kwamba wameuziwa feki kwa sababu hii tu. Ingia BIOS, washa XMP, profaili ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya RAM (ASUS wanaiita DOCP, MSI A-XMP), hifadhi, nayo itapanda 3200 kwa volti 1.35. Kisha fungua CPU-Z, programu ya kuonyesha vifaa vya kompyuta, ukurasa wa Memory. Kwenye Channel utaona Dual, au 2 x 64-bit kwa matoleo mapya. DRAM Frequency itasoma karibu 1600, na hiyo ni sawa, maana DDR hutuma mara mbili kwa kila mpigo. Windows ikionyesha GB 14 badala ya 16, grafiki imejitengea 2.

Baada ya hapo, endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja halikubaliki: rudi 3000, ambayo ni profaili ya pili ndani ya seti hii, au sasisha BIOS. Kusasisha BIOS bila UPS jioni ya radi za Kisumu ni kutafuta bodi mpya.

Wenye kompyuta za ex-UK (za mitumba kutoka Uingereza) wasikimbilie seti hii. Mashine ya prosesa ya i5-6500 inaishia kasi ya 2133, na BIOS za mashine za ofisi kwa kawaida hazina XMP. Vipande viwili vya kawaida vinavyofanana vinatosha, mradi mashine inatumia DDR4. Zile ndogo za aina ya Micro hutumia SODIMM, RAM fupi ya laptopu, hii haiingii kabisa.

Na ukijua utahitaji GB 32, nunua GB 16 mbili tangu mwanzo. Kuongeza seti ya pili baadaye kunajaza sloti zote nne, kidhibiti cha memori kinalemewa, na toleo la baadaye linaweza kuja na chipu tofauti ingawa jina la pakiti ni lile lile.