Mavolontia wa maigizo kutoka Uingereza: tuliwapokea kituoni, maoni yangu haya hapa

Nyota 3 kati ya 5. Naandika maana kila ukikaribia mwezi wa saba wenye vituo na shule huku Moshi wanaanza kuulizana kama wawapokee hawa vijana wa chuo wanaokuja kufundisha watoto kuigiza, na majibu wanayopata ni yaleyale, ama wazungu wameleta baraka ama wanakuja kupiga picha tu na kuondoka. Mi niko ofisini kwenye kituo kimoja cha watoto wanaoishi mazingira magumu na kwenye hii programu ndo nilikuwa mkalimani, kwahiyo nilikuwa ndani mwanzo mwisho, sikuhadithiwa. Kampuni iliyowaleta siitaji jina.

Kwa asiyejua inavyokwenda, vyuo vya Uingereza vinafunga kama mwezi wa sita mpaka wa tisa, basi vijana wanajikusanya, wengine wanasoma sanaa za maonyesho, wengine sheria au jiografia ila wapo kwenye klabu ya maigizo ya chuo, wanachangisha hela kwao, wanailipa kampuni, kampuni ndo inawatafutia kituo. Tatizo huku mwezi wa saba na wa nane shule zipo wazi! Ratiba waliyokuja nayo ilikuwa saa tatu asubuhi mpaka saa sita, saa ambazo watoto wako darasani, ikafa siku hiyohiyo. Tukahamishia saa tisa mchana, watoto wakishakula. La saba ndo usiseme, mtihani wa taifa mwezi wa tisa, wako kambi na hakuna mwalimu atakuachia mtoto akacheze, kwahiyo tulibaki na la tatu mpaka la sita.

Nianze na kilichonikosha. Michezo yao ya kuchangamsha mwili kabla ya kuigiza ni mizuri kupita maelezo. Kuna mmoja unaitwa kioo, mnasimama wawili mnatazamana, mmoja anasogea taratibu na mwingine anamfuatisha kila kitu, hakuna kuongea. Tuna mtoto wa kiume pale ambaye akiona mgeni anajikunja ndani ya sweta lake anabaki macho tu, hata jina hakwambii. Akapangwa na kijana mmoja mrefuuu wa kizungu, akaambiwa wewe ndo kiongozi. Alikaa kwanza kama hajasikia, halafu akanyanyua kidole kimoja, yule jamaa naye akanyanyua kidole. Mtoto akamwangalia. Akajikuna kwapa, jamaa akajikuna kwapa. Ndani ya dakika chache alikuwa ameshamchuchumaza, amemtembeza kwa magoti, amemtoa ulimi, watoto wengine wameacha ya kwao wanagaragara kwa kucheka, na mwenyewe uso mkavu kabisa kama mkuu wa shule. Pale lugha haihitajiki na mkalimani anakaa kando anafaidi tu.

Watoto nao wakarudisha hisani, wakawafundisha nyama nyama (anayeongoza akitaja nyama inayoliwa unaruka, isiyoliwa unatulia) na kombolela, na nyama nyama bana iliwatesa wale vijana, mtu anaruka kwenye nyama ya meza anatolewa nje anauliza kwani kuna nini.

Kingine cha juu kabisa ni sanamu. Mnaambiwa kwa mfano fanyeni soko la Mbuyuni asubuhi, mnagandia hapohapo, mtu anapita anawaangalia. Binti mmoja wa la nne alisimama mkono kiunoni, kichwa kimelalia bega, midomo imebinuliwa pembeni, hajasema neno ila kila mtu alijua huyu ni mama wa ndizi amepewa bei ya matusi.

Kutoka hapo wakaingia kwenye igizo ambalo mtazamaji anaruhusiwa kulisimamisha na kuingia kuigiza yeye. Hii staili imetoka kwa Mbrazili mmoja, Augusto Boal, aliyekamatwa na serikali ya kijeshi ya kwao mwaka 1971 na kuishia uhamishoni, na huko ndo akaikuza. Watoto wakaulizwa mnataka kuigiza tatizo gani, vijana wenyewe nahisi walitegemea watasikia mambo ya njaa na yatima, watoto kwa sauti moja: KONDA! Maana mwanafunzi analipa nauli ndogo basi konda anampakia abiria mzima kwanza, mwanafunzi anaachwa stendi mpaka giza. Mabenchi yakapangwa yakawa hiace ya Pasua, mtoto wa la tano akawa konda, kaning'inia mlango hewa, noti hewa katikati ya vidole, "wanafunzi wawili tu, wengine subiri ya nyuma!" Mtoto wa kwanza kuingia akajaribu kuomba kwa unyenyekevu, kasukumwa nje. Wa pili akatukana, kasukumwa kwa nguvu zaidi. Wa tatu ni kabinti kadogo kuliko wote, hakuongea na konda kabisa, akamgeukia abiria mmama akamwambia shikamoo mama, naomba unipakate. Konda akabaki mdomo wazi. Halafu mwingine kutoka nyuma akapiga kelele "mi nakupigia LATRA", wale wanaosimamia usafiri wa magari, na hapo tukawa hatuna igizo tena, ni vurugu tupu na kicheko. Kwa dakika hizo peke yake ningewapa nyota zote.

Ila sasa.

Nataka ieleweke hiki kitu sio kigeni kwetu na ndo kilichoniuma. Wakina Penina Muhando na Amandina Lihamba pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi za namna hii miaka na miaka, maigizo ya kijiji kujadili matatizo yake tangu miaka ya 1980, halafu mwaka 1996 ukaanza Tuseme, wanafunzi wa sekondari hasa wasichana wanayaigiza yanayowasumbua shuleni ili yajadiliwe. Bagamoyo kuna TaSUBa, ilikuwa Chuo cha Sanaa toka 1981, inatoa vijana wenye cheti na diploma ambao wengine wako mtaani wanapiga emsii kwenye harusi. Kwenye programu yetu hakukuwa na hata mmoja. Akatafutwa mtu wa kutafsiri tu, yani mimi, nisiyejua hata kupanga mstari wa kwaya. Kichekesho cha mtoto nikikigeuza Kiingereza kinafika kimekufa, vijana wanatabasamu kwa heshima, na swali lao nikilirudisha kwa watoto linakuwa refu kama risala. Yule binti ametoka kumshinda konda, mwongozaji anataka nimuulize amejisikiaje moyoni. Mtoto ananiangalia mimi. Amejisikia amepanda gari!

Halafu ile shoo ya mwisho. Wiki nzima ya mwisho michezo yote ilisimama, watoto wakapewa mistari ya Kiingereza wakariri, hadithi ya msitu na wanyama waliyoiandika wenyewe kabla ya kuja, konda wetu akageuzwa mti. Walezi wameacha biashara zao wamekaa kwenye jua wanasubiri mgeni rasmi, watoto wakasema mistari kama wanasoma tangazo, walezi wakapiga makofi bila kuelewa kitu, na simu za kurekodi zilikuwa nyingi kuliko watazamaji waliokuwa wanacheka. Baadae nakuja kuona picha mtandaoni watoto wote wameitwa yatima wakati wengi wana mama zao hapohapo Njoro, na kwao Uingereza hawa vijana wakitaka kufanya kazi na watoto kwa kawaida wanakaguliwa kwanza rekodi za jinai. Picha tuliomba zitolewe, baadhi zikatolewa.

Na katikati ya programu nusu ya kikundi wakapotea kupanda mlima. Sikatai, ukija Moshi utaachaje Kilimanjaro, ila njia ya Machame ni siku sita saba, wakarudi wanachechemea wameungua pua, na watoto kila siku wananiuliza anti fulani kaenda wapi.

Upande wa hela, kampuni imekula vizuri kule, kituo kimepata kalamu za rangi, fulana na mchele. Kabla ya kukubali ombeni muone karatasi ya mgawanyo. Na ulizeni vibali mapema jamani, mtu anayejitolea anatakiwa kibali daraja C, sio viza ya utalii ya dola 50, Uhamiaji wakitokea mzungu ataonywa ataondoka ila kituo ndo kitabaki kinaitwa ofisini.

Kwahiyo ningependa warudi? Ndio, wale vijana wenyewe walikuwa wazuri, wanajituma, hawachagui chakula, na michezo yao watoto wanaicheza mpaka leo bila kuambiwa. Ila tumeshaiandikia kampuni masharti yetu. Ije na bajeti ya kijana mmoja wa TaSUBa aongoze pamoja nao kwa Kiswahili na alipwe, isiwe posho ya soda. Shoo ya mwisho iwe ya watoto kwa lugha yao au isiwepo. Mlima uwe mwishoni. Picha mpaka mlezi asaini. Mpaka naandika hapa kijana wa TaSUBa wamemkubali, la picha bado wanavutana. Wakimaliza kuvutana darasa la awali liko wazi kuanzia saa tisa, na mabenchi yapo.