AC ya karavani kwa betri: ipi ununue, ipi uiache dukani

Anayetaka kuwasha AC ya karavani kwa betri huanza kwa kuuliza bei ya betri, na hapo ndipo hela zinaanza kupotea. Betri huchaguliwa mwisho. Cha kwanza ni AC yenyewe: inakula wati ngapi ikishatulia, na inavuta kiasi gani kompresa, ile pampu ya gesi, inapoamka. Ukikosea hapo, hata ujaze betri chini ya kitanda chote, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, italia pii pii na kuzima.

Halafu jiulize unaegesha wapi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa liko mlangoni, na mchana joto hukaribia nyuzi 30 na unyevu juu yake. Nakuru iko mita 1,850 hivi, na usiku unatafuta blanketi. Mtu wa Nakuru akiniuliza AC, namwambia anunue feni ya volti 12 na chandarua, hela inayobaki aweke mafuta. Kwa hiyo orodha hii ni ya wanaolala au kufanyia kazi ndani ya karavani Kisumu, Busia, Homa Bay na pande hizo: wapiga kambi, wenye saluni za kuhamahama, kliniki za magurudumu.

1. AC ndogo ya inveta, BTU 9,000

Hii ndiyo namba moja kwangu, na sioni mshindani wa karibu. (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza.) Kompresa yake huanza polepole na kupanda yenyewe kadiri joto linavyodai, kwa hiyo hakuna ule mshtuko wa kuamka. Chumba kikishapoa, nyingi hushuka hadi wati 300 au 500. Chukua wastani wa wati 450: betri ya lithiamu ya volti 48, ampea-saa 100 (karibu kilowati-saa 5) inakupitisha usiku kucha ukiweka nyuzi 25 au 26. Ukiweka 18 kwa sifa, usinilaumu asubuhi.

Udhaifu wake ni barabara. AC hizi zilitengenezwa kwa ukuta wa nyumba, na mtikisiko hulegeza nati za mabomba ya gesi. Kwa karavani inayokaa Dunga miezi mitatu bila kusogea, haina neno. Kwa inayohama kila wikendi, fundi aweke mipira chini ya kile kisanduku cha nje na aache bomba na mkunjo wa kucheza. Na muuzaji asikuchanganye: AC ya inveta bado inahitaji inveta ya betri, maana inveta iliyo ndani yake kazi yake ni kubadili mwendo wa kompresa tu.

2. AC ya lori, volti 24

Zilibuniwa kwa madereva wanaolala garini, kama wale unaowaona wameegesha Salgaa. Inakula moja kwa moja kutoka kwenye betri, hakuna inveta katikati ya kupoteza umeme, na imezoea kutikiswa. Kwa msafiri wa kweli ningeiweka ya kwanza. Kinachoishusha ni vibandiko vyake: wengine huandika BTU za ajabu. Puuza BTU, tazama ampea. Inayovuta ampea 30 kwa volti 24 inakula wati 720, na hakuna kompresa ya wati 720 itakayokupa ubaridi wa BTU 15,000.

3. Kubaki na AC ya paa uliyo nayo, uongeze softi-stata

Karavani za mitumba mara nyingi huja na AC ya juu ya paa, BTU 13,500 hivi. Ikishatulia inakula wati 1,400 au zaidi kidogo, lakini kompresa ikiamka huvuta mara nne hadi tano ya hapo kwa sehemu ya sekunde. Softi-stata ni kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye waya za kompresa. Hupunguza mvuto huo kwa zaidi ya nusu. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na betri, kwa hiyo usinunue betri ya pili kabla ya kuijaribu.

Kabla hata ya softi-stata, tafuta ugonjwa ni upi, maana wengi huniletea AC nzima kumbe shida iko kwenye waya.

Feni ikizunguka lakini kompresa inanguruma kidogo, tiki, kisha kimya, shuku kapasita, kile kifaa kinachoipa kompresa msukumo wa kuanza. Ni spea rahisi, ila huhifadhi umeme hata AC ikiwa imezimwa. Usiiguse kwa mkono mtupu.

Inveta ikilia na kuzima, chukua mita. Pima kwenye vichwa vya betri mwenzako akiwasha AC, kisha pima kwenye skrubu za inveta AC ikiwa bado inavuta. Tuseme betri inasoma 12.9 na inveta 11.2. Hizo volti 1.7 zimeishia njiani, na kwa ampea 120 ni kama wati 200 zinazogeuka moto ndani ya waya na lagi, vile vichwa vya chuma vinavyobanwa mwisho wa waya. Shika lagi ukishazima: ile inayochoma ndiyo imebanwa vibaya. Kwa volti 12 na mzigo huu, waya uwe wa milimita 70 za mraba na uwe mfupi, usizidi mita moja na nusu. Waya wa kuchajia betri ya gari hauwezi kazi hii hata ukiwa mnene kwa macho. Mara nyingi unene huo ni plastiki.

Namba zote mbili, ya betri na ya inveta, zikishuka pamoja, betri imeelemewa. Betri za asidi hukumbwa na hili sana, kwa sababu ukizivuta kwa nguvu hazitoi hata nusu ya kilichoandikwa ubavuni.

Na umeme ukikatika ghafla bila mlio wowote, na betri ya lithiamu inasoma sifuri, ni BMS, yaani saketi inayoilinda, imefunga mlango. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, yenye BMS ya ampea 100 haiwezi kutoa zaidi ya wati 1,280. AC ya wati 1,400 itaizima kila mara, hata ikiwa imejaa pomoni.

Jambo moja kuhusu karavani kutoka Marekani: AC yake ni ya volti 120. Stima yetu ni 240. Nunua inveta inayotoa 120 kwa ajili yake, au ichomoe uuze.

4. AC ya kubebeka yenye bomba moja

Inavutia kwa sababu haihitaji fundi. Lakini inachukua hewa uliyokwisha kuipoza, inaitupa nje kwa bomba, na hewa ya moto inaingia kupitia kila ufa kujaza pengo. Betri inaisha na wewe bado unatoka jasho.

5. Kipozaji cha maji

Kinakula wati 100 hivi, na wakati wa kiangazi huko Nakuru kinafanya kazi vizuri. Kisumu kinaongeza unyevu kwenye hewa iliyoshiba unyevu. Hapana.

Inveta na betri

Inveta iwe ya mawimbi safi. Zile za mawimbi ya ngazi huchemsha kompresa. "Hii ni wati elfu tano, mkubwa," muuzaji atakwambia. Muulize ni elfu tano za saa nzima au za sekunde moja. Kwa AC ya inveta, wati 3,000 za kudumu zinatosha na chenji.

Volti 48 ikiwezekana, 24 ikishindikana. Wati 1,400 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 120, kwa volti 48 ni 30 hivi, na waya wa ampea 30 unaweza kuukunja kwa vidole. Paneli 2 za wati 550 juu ya paa, kwa jua la Kisumu, zitarudisha kilowati-saa 4 au 5 siku nzuri, na zitalikinga bati lisichemke.

Usimlipe fundi kwa kuwasha dakika tano jioni. Mwambie aje saa nane mchana, karavani ikiwa juani, AC iende saa mbili mfululizo. Kisha izimwe, mngoje dakika tatu gesi itulie, iwashwe tena betri ikiwa imeshuka nusu. Ikiamka hapo, mpe hela yake.