Silinda ya kusaidia usukani kwenye Mkonga wenye tairi za inchi 35: msimu mzima wa kuitumia

Habari zenu wadau, karibuni tena gerejini. Leo kamera nimeilaza sakafuni, kwa sababu ninachotaka mkione kiko chini ya gari. Tazama hapa. Hiki chuma cheusi kinachong'aa mdomoni ni silinda ya haidroliki. Mguu wake mmoja umeshikwa kwenye ekseli ya mbele, mguu wa pili umeshikwa kwenye tairodi, kile chuma kirefu kinachounganisha tairi mbili za mbele. Nikikata usukani, silinda hii inasukuma tairodi moja kwa moja. Subiri niwashe... umeona ilivyotoka? Tairi ziko kwenye sakafu kavu ya zege, gari limesimama, na mimi nakata kwa mkono mmoja. Mwaka jana hapa hapa nilikuwa nasimama kwenye kiti, mikono yote miwili, na bado haikati.

Gari lenyewe wengi wenu mnalijua, Land Cruiser HZJ78, Mkonga wetu huu huu wa Arusha, injini ya 1HZ, ekseli nzima mbele, springi za koili. Lilikuja na tairi za 7.50R16, nyembamba, upana wake kama milimita 215. Mimi nikaweka 315/75R16. Zidisha mwenyewe: upana umeongezeka sentimita 10, na kimo cha tairi kimetoka kama milimita 805 mpaka 879, yaani inchi 34 na nusu na kidogo, ndizo watu wanaziita za 35. Halafu ukifika kwenye mchanga unapunguza upepo mpaka psi 18 na tairi inalala. Sehemu inayogusa ardhi inakuwa kubwa mno. Boksi la usukani lililotoka kiwandani, lile lenye gia zinazopokea mzunguko wa usukani, lilipimwa kwa tairi ile nyembamba, na sasa umelibebesha mzigo ambao halikuandaliwa.

Kitu cha pili ambacho watu hawakitazami ni rimu. Nilinunua rimu pana zinazotoa tairi nje ya bodi, kwa sababu gari linapendeza. Ninakiri zinapendeza. Lakini kadiri tairi inavyotoka nje, ndivyo inavyokwenda mbali na ule mstari wa kingipini ambao tairi inazungukia. Badala ya kujipinda mahali pake, tairi inaburuzwa kwenye duara. Ukigonga jiwe kwa tairi ya kushoto, usukani unakupiga mkononi. Kwa hiyo kabla hujafikiria kununua silinda, angalia rimu zako. Wapo watu wangepona kwa kubadilisha rimu tu.

Sasa nikueleze nilivyofika kwenye silinda, maana nilipita njia mbaya kwanza.

Njia ya Engaresero, ile ya kwenda Ziwa Natron, ina makorongo yenye mawe. Niliingia korongo moja, tairi ya mbele kulia ikakaa katikati ya mawe mawili. Nikakata kushoto, usukani ukagoma. Pampu ya oili ya usukani inalia, mlio ule wa kuuma meno, na usukani hausogei hata kidole. Nikashuka, nikachimba mawe kwa mikono na wenzangu, tukatoka. Niliporudi mjini nikaenda gereji moja, jina lake nitaliacha, wakaniambia dawa yake ni rahisi: tunaongeza washa, kipete chembamba cha chuma, kwenye valvu ya presha ya pampu, presha inapanda, usukani unakuwa mwepesi. Na kweli ulikuwa mwepesi. Wiki tatu. Kisha sili, ule mpira unaozuia oili, ya shafti ya chini ya boksi, pale shafti inapotokea kushika mkono wake, ikaachia, na oili yote ikamwagika barabarani nikiwa nateremka. Namshukuru Mungu ilikuwa sehemu tambarare kidogo na nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Ndipo nikaelewa kitu ambacho nataka ukibebe leo. Ule mzigo wa tairi hauondoki. Ukiongeza presha, umelazimisha boksi lile lile, gia zile zile, sili zile zile na chesesi ile ile pale boksi linapofungwa, zibebe nguvu zaidi. Silinda inafanya tofauti: inaipeleka nguvu kule mzigo uliko, kwenye tairodi karibu na tairi, na boksi linabaki na kazi ya kuongoza. Ndiyo maana mimi ni mtetezi wa silinda, na presha ya pampu nimeirudisha ilivyokuwa.

Tuifanyie hesabu, siyo ngumu. Silinda yangu kwa ndani ina kipenyo cha sentimita 4. Eneo la pistoni ni sentimita za mraba 12.6 hivi. Pampu ikifika presha ya bar 90, silinda inasukuma kwa nguvu ya kama kilo 1,150. Zaidi ya tani. Lakini upande wa pili kuna fimbo ya sentimita 2 inayokula nafasi, linabaki eneo la 9.4, kwa hiyo ikivuta nguvu ni kama kilo 865. Je, utaisikia tofauti ya kushoto na kulia? Kwa kukata kawaida, hapana. Ukiwa umebanwa kwenye mawe, mimi ninaisikia, upande mmoja unakwenda vizuri kuliko mwingine.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye udhaifu, ambao muuzaji hatakwambia. Silinda ina safari ya sentimita 20. Kuijaza kutoka mwisho hadi mwisho inataka oili kama robo lita. Ukitaka kukata kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa kwa sekunde 3, silinda peke yake inahitaji lita 5 kwa dakika, na boksi nalo linadai fungu lake. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani mafuta hujakanyaga, pampu inaweza isitosheleze wote wawili. Angalia nionyeshe. Nakata polepole... mwepesi, kidole kimoja. Sasa nakata haraka... umeona? Katikati umekuwa mgumu ghafla, kama umegonga kitu. Mgumu huo unaletwa na upungufu wa oili, presha iko sawa. Presha inakupa nguvu, ujazo unakupa kasi. Ukivichanganya hivyo viwili utatupa pesa.

Kwenye injini nyingine ungebadilisha puli ukaweka ndogo, pampu ikazunguka haraka. Kwenye 1HZ pampu inaendeshwa kwa gia, hakuna puli. Mimi ninatumia ile nobu ya kuvuta kwenye dashibodi inayopandisha mzunguko wa injini. Nikiingia kwenye mawe naivuta kidogo, nikitoka naiachia. Inatosha kwa matumizi yangu. Anayekwenda kwenye mashindano kama Rhino Charge kule Kenya, muda wa saa 10 porini bila barabara, atataka pampu yenye ujazo mkubwa zaidi, na hiyo ni bajeti nyingine.

Na kwa kuwa tumeigusa pampu ya 1HZ, niseme hili kwa wenye injini hiyo: oili ya usukani ikipungua na huoni tone hata moja chini, chomoa stiki ya oili ya injini uangalie. Sili ya mbele ya pampu ikiisha, oili ya usukani inaingia kwenye injini. Usifunge silinda mpya kwenye pampu ya namna hiyo.

Sasa ufungaji. Seti imetoka Marekani: silinda, hozi mbili, vishikio viwili na tangi dogo la oili. Bei yake kwa hesabu yangu haiko mbali na matairi manne mapya. Silinda yenyewe nimeipenda, kazi safi, fimbo imepakwa kromu vizuri. Kishikio cha upande wa ekseli sikukipenda. Kilikuwa kirefu, kikaiweka silinda mshazari, na silinda ikikaa mshazari sehemu ya nguvu yake inapotea kwa kusukuma tairodi juu na chini. Fundi wangu wa kuchomelea alikikata, akakichomelea upya mpaka silinda ikalala sambamba na tairodi. Kishikio cha upande wa pili tumekibana karibu kabisa na mwisho wa tairodi. Ukikiweka katikati, tani ile tuliyoipigia hesabu inaikunja tairodi kama upinde. Hata hivyo tairodi ya kiwandani nimeitoa, nimechongewa nyingine ya bomba nene.

Kazi iliyoninyima usingizi ilikuwa boksi. Ili silinda ipate oili, boksi lazima litobolewe matundu mawili, moja kila upande wa pistoni ya ndani, kisha yakatwe nyuzi za kufungia hozi. Tafadhali usikubali mtu akutobolee boksi likiwa limefungwa kwenye gari. Yangu ilifunguliwa yote mezani. Fundi mchonga vyuma alitia rangi ya alama mahali pistoni inapoishia, akatoboa nje ya alama ile. Kisha tukaliosha kwa dizeli mara tatu, tukapuliza kwa kompresa, tukapitisha sumaku. Mara ya tatu, baada ya dizeli kuonekana safi kabisa, nilipitisha kidole ndani ya tundu nikatoka na uzi mmoja wa chuma, mwembamba kama unywele. Uzi ule ungeingia kwenye valvu ya boksi, usukani ungeweza kukwama ukiwa umekatwa upande mmoja, kwenye mwendo. Tukaosha mara ya nne.

Kutoa upepo kwenye mfumo: pandisha gari kwa jeki, weka stendi imara, tairi za mbele ziwe hewani. Injini imezimwa, kata polepole kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, mara nyingi, huku mwenzako anaongeza oili kwenye tangi. Mpaka mapovu yaishe. Kisha ndiyo unawasha. Ukiwasha mapema, pampu inapiga povu, na povu hilo utalisubiri mpaka kesho. Hapo hapo tairi zikiwa hewani ndipo utajua kama hozi zimepishana. Zikipishana, boksi linasukuma kushoto na silinda inasukuma kulia, usukani unagoma kabisa. Geuza hozi, imekwisha.

Stoperi za ekseli nazo zirekebishwe ziguse kabla silinda haijafika mwisho wake. Silinda isiwe ndiyo inayokusimamisha, itapiga kichwa chake kila siku mpaka ipasuke. Na usukani ukifika mwisho, usiushikilie hapo. Oili inachemka haraka sana. Mimi nimeongeza rejeta ndogo ya oili kwenye hozi ya kurudi, nimeifunga mbele ya rejeta ya maji. Kabla ya kuiweka, baada ya saa moja ya mchanga oili ilikuwa inanuka kuungua. Sasa hainuki.

Mtu aliniuliza juzi: kaka, gari langu linatangatanga kwenye lami, silinda itaniponya? Hapana, ndugu yangu. Ukiinua gari la koili, ekseli inajizungusha na kasta, yaani ule mlalo wa kingipini kwenda nyuma, inapungua, ndiyo maana usukani haurudi wenyewe. Hiyo ni kazi ya bushi za kasta kwenye mikono ya ekseli. Na kabla ya hapo fungua beringi za kingipini. Zangu, nilipozifungua, ya chini ilikuwa na kutu na alama zilizochimbwa na roli zake kwenye bakuli. Unaikata kona, inakwama kwenye alama, unadhani pampu imechoka. Nilibadilisha beringi, nikapima ukazaji kwa mizani ya springi, na usukani ukawa mwepesi hata kabla ya silinda kufika nchini.

Kuhusu usalama. Kuna mfumo ambao unaondoa boksi kabisa, usukani unaongoza tairi kwa oili peke yake. Hozi ikipasuka, unazungusha usukani na tairi hazina habari. Huo mimi siufungi kwenye gari ninalobebea familia. Huu wangu, hozi ikipasuka leo, boksi bado limeungana na tairi kwa chuma. Utakuwa mzito, mzito kweli, lakini utalipeleka gari pembeni. Nimejaribu kwa kuzima injini kwenye uwanja, nikakata. Inawezekana.

Nani anunue? Mwenye tairi za 7.50 au 285, beringi zake nzima na pampu nzima, hana haja, abaki na pesa yake. Mwenye 35 anayekwenda udongo mweusi wa Ndutu wakati wa mvua au mawe ya Natron, nunua, lakini weka fungu la fundi mchonga vyuma na tairodi nene kwenye bajeti ile ile.

Kitu kimoja cha mwisho, sogeza taa hapa. Unaiona hozi hii ya kushoto? Springi ikilala yote, hozi inagusa ukingo wa chesesi, na mpira wa nje umeshaanza kulika. Waya wa ndani haujaonekana bado. Jumamosi inatoka, inakuja ndefu kidogo yenye kona ya digrii 90 na nailoni ya kuikinga, halafu Jumapili alfajiri ndiyo tunakwenda Natron.