Cherehani cha mkono kwa familia changa: tathmini baada ya miezi 14 ya matumizi

Nilinunua cherehani cha mkono kilichokwisha kutumika wakati mtoto wetu wa pili alipokuwa na miezi mitatu na wa kwanza akikaribia kutimiza miaka minne. Aliyeniuzia ni mama mmoja wa mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam, ambaye macho yake hayamruhusu tena kushona. Tulipatana shilingi 170,000, nikalipa kwa awamu tatu. Ni cherehani cheusi cha chuma, kizito kiasi kwamba hukihamisha mezani kwa mikono miwili, na jina la kiwanda lililokuwa limeandikwa kwa rangi ya dhahabu limefutika kabisa. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa yahusu aina hii ya cherehani kwa ujumla wake, si bidhaa ya kampuni fulani.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshapoteza fedha kwa kununua kile cherehani kidogo cha plastiki kinachotumia umeme, ambacho wauzaji hukisifu kuwa kinafaa matumizi ya nyumbani. Kilishona leso za mkononi vizuri. Nilipokipa kitenge kilichokunjwa mara nne, sindano ilikwama na mota ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Nilikipeleka kwa mafundi watatu, na wote walinirudishia kwa maneno yale yale, kwamba hakina vipuri. Kilidumu wiki tano. Naeleza hayo kwa sababu mama mwenye bajeti ndogo hushawishika kuanza na kitu cha bei ya chini, na katika vyerehani bei hiyo ya chini huwa ni fedha iliyotupwa.

Hiki cha chuma kina umbo ambalo mafundi wengi hulitambua mara moja. Ni muundo wa aina ya 15 ambao kampuni ya Singer ya Marekani iliueneza duniani, na ambao baadaye viwanda vya Japani, China na India viliuiga kwa wingi. Faida yake kwa mnunuzi wa leo ni kwamba bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini), kasha la bobini, mguu wa kubana kitambaa na sindano vinapatikana katika maduka ya vifaa vya ushonaji Kariakoo bila kuhangaika, na fundi yeyote wa barazani aliyezoea cherehani cha miguu anajua kukifungua na kukifunga. Nilipokipeleka kwa fundi wetu kukaguliwa, alikizungusha mara mbili, akasikiliza, akasema, “Dada, hiki hakina ugonjwa, kina kiu ya mafuta tu.” Aliniuzia kichupa cha mafuta ya cherehani, akanionya nisithubutu kutia mafuta ya kupikia wala ya nazi, kwa kuwa hugeuka gundi ndani ya vyuma. Hiyo ndiyo gharama pekee ya matengenezo niliyolipa mpaka sasa, ukiacha sindano. Kuhusu ulipaji wa awamu, nilifurahi baadaye kujua kwamba kampuni hiyo hiyo ya Singer ilianza kuuza vyerehani kwa malipo ya kidogo kidogo tangu mwaka 1856, kwa kuwa familia nyingi hazikuweza kulipa bei yote kwa mkupuo mmoja.

Cherehani hiki kina mshono mmoja tu, ulionyooka. Hakuna mshono wa nyokanyoka, hakuna tundu la kifungo, hakuna pambo. Mzungusho mmoja wa mkono hutoa mishono mitatu, na kasi yake ni ile ya mkono wako. Mwanzoni nilidhani huo ni upungufu mkubwa, lakini baada ya muda niligundua kwamba vitu vingi ambavyo nyumba yenye watoto wadogo inavihitaji, kama mashuka, foronya, mapazia, aproni, mifuko ya sokoni na nepi za mraba, vyote ni mistari iliyonyooka. Anayejifunza ajizuie kuanza na gauni lenye kola. Nilifanya mazoezi ya wiki nzima kwenye mita mbili za amerikani, kile kitambaa kigumu cha pamba ambacho bado kinabeba jina la nchi kilikotoka kilipokuwa kikiletwa Zanzibar kwa merikebu za karne ya 19, na sikujutia hata sentimita moja iliyoharibika.

Kazi ya kwanza iliyonipa moyo ilikuwa shuka la kanga. Doti moja ina vipande viwili, na kila kipande kina upana wa takriban sentimita 110 na urefu wa takriban sentimita 150. Ukivichunguza kwa makini utaona kwamba pande ndefu zina ukingo uliofumwa kiwandani, usiochanguka nyuzi, na zile fupi ndizo zilizokatwa kwa mkasi na zinazohitaji kupindwa. Basi mimi hulifua doti kwanza, kwa sababu pamba husinyaa, kisha huunganisha vipande viwili kwa pande zake ndefu, upande wa juu kwa upande wa juu, ili lile jina la kanga la kila kipande libaki nje, moja likae mchagoni na jingine miguuni. Kwa kuwa ukingo ule hauchanguki, mshono mmoja ulionyooka unatosha na oveloku, yaani mashine ya kufunga ukingo wa kitambaa usichanguke, haihitajiki. Zinabaki pande nne za kupinda, za sentimita 110 kila mmoja, yaani karibu mita nne na nusu za pindo, na kwa mkono wangu kazi hiyo huchukua jioni mbili baada ya watoto kulala.

Shuka linalopatikana ni la sentimita 218 kwa 144 hivi. Kwa kitanda cha futi nne kwa sita, ambacho ni takriban sentimita 122 kwa 183, pembeni hubaki sentimita 11 kila upande. Zinatosha godoro la inchi nne, lakini hazitoshi godoro la inchi sita. Nasema hivi waziwazi kwa kuwa niliposhona la kwanza kwa ajili ya kitanda chetu sikupima, na likawa linachomoka kila usiku. Sasa tunalitumia kujifunika, na kwa kazi hiyo halina mpinzani katika joto la Dar es Salaam.

Kazi ya pili ninayoipendekeza ni gauni la mtoto linalotokana na shati la kiume la mtumba. Chagua shati la pamba lenye vifungo vyote, lifunge vifungo, ulilaze mezani, kisha ulikate kwa mstari mmoja ulionyooka chini kidogo ya kwapa. Uzuri wake ni kwamba kazi mbili ngumu kuliko zote, yaani kushona matundu ya vifungo na kupinda pindo la chini lenye mviringo, zimekwisha kufanywa na kiwanda, na matundu hayo cherehani chako kisingeweza kuyashona. Kipande cha chini ndicho gauni: ukingo wake wa juu ulioukata unaukunja sentimita mbili ili kupata njia ya lastiki, na mikono ya shati unaikata kuwa mikanda miwili ya mabegani. Ukanda wa vifungo huushona ukafungika pale juu lastiki inapopita, kwa hiyo gauni huvaliwa kwa kupitishwa kichwani na vifungo hubaki kuwa pambo. Binti yangu mkubwa ana magauni manne ya namna hii. La shati la mistari ya bluu, ambalo mfuko wake wa kifuani umeangukia tumboni kwake, ndilo analolidai kila Jumamosi kwa sababu mfuko huo huutumia kuwekea karanga. Kwa watoto wa chini ya miaka mitatu mimi hung’oa vifungo vyote, nikaushona ukanda ule kutoka juu hadi chini, maana kifungo kilicholegea kinaweza kumkaba mtoto.

Mito tumeijaza usufi. Tulinunua usufi ambao haujachambuliwa, tukautoa mbegu wenyewe, na ushauri wangu ni kwamba kazi hiyo ifanyike nje, huku mmefunika pua, na mtoto mchanga akiwa mbali, kwa kuwa nyuzi zake hupeperuka na kuingia kila mahali. Foronya ya ndani ishonwe kwa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, na mishono iwe midogo na ipite mara mbili, la sivyo usufi utapenya.

Sasa nieleze mahali ambapo cherehani hiki kilinishinda. Fulana, sketi za kitambaa kinachovutika na nguo zote za jezi hakiziwezi. Utashona, mshono utaonekana mzuri mezani, na mara mtoto atakapovuta shingo ili avae, uzi utakatika, kwa sababu mshono ulionyooka hautanuki pamoja na kitambaa. Nguo za aina hiyo nazipeleka kwa fundi mwenye oveloku, nami nalipa bila kinyongo. Kwa vitambaa vinavyochanguka, kama kitenge kilichokatwa, hushona mshono mara mbili: kwanza navikutanisha vitambaa kwa upande wa ndani na kushona karibu na ukingo, kisha navigeuza na kushona tena ili nyuzi zote zifungiwe ndani. Inachukua muda mara mbili, lakini gauni linafulika mwaka mzima bila kuchanguka.

Tatizo lililonitesa zaidi lilikuwa uzi kujisokota chini ya kitambaa na kuwa kama kiota cha ndege. Niliikaza bobini, nikailegeza, nikalia. Kumbe kosa lilikuwa juu: nilikuwa nikipitisha uzi huku mguu wa kubana umeshushwa, basi uzi haukuingia katikati ya visahani vinavyoukaza. Inua mguu kwanza, pitisha uzi, ndipo uushushe mguu na kuanza kushona. Mara nyingine uzi ulikuwa ukikatika kila baada ya shubiri moja, na chanzo kilikuwa uzi wenyewe, ambao niliununua katika duka moja kwa bei ya chini, nao ulikuwa umekaa juani mpaka ukaoza. Siku hizi kabla ya kulipia hunyofoa kipande na kukivuta kwa vidole. Kikikatika bila upinzani, narudisha uzi wa watu. Sindano nayo isisubiri kuvunjika. Namba 14 kwa kanga na kitenge, namba 16 kwa jinzi, na ibadilishwe mara inapoanza kutoa mlio wa kugonga inapopenya kitambaa.

Lipo jambo moja ambalo sikulitarajia, nalo ndilo linalonifanya nikipende cherehani hiki kuliko kile cha miguu, ambacho kwa haki ni chepesi zaidi kwa kazi. Cha mkono kinamwachia mshonaji mkono wa kushoto tu wa kuongoza kitambaa, kwa kuwa wa kulia unazungusha. Kwenye pindo refu hilo huchosha na mstari hupinda. Jioni moja, umeme ukiwa umekatika na taa ya sola ikiwa mezani, binti yangu alisogeza kigoda na kuuliza, “Mama, nikuzungushie?” Nilimweka upande wa gurudumu, ambako mkono wake uko mbali kabisa na sindano, tukakubaliana kwamba nikisema “simama” anaachia papo hapo. Tukaanza. Alizungusha polepole, akihesabu kwa sauti, nami kwa mara ya kwanza nilikuwa na mikono miwili kwenye kitambaa, na pindo lile ndilo lililonyooka kuliko yote niliyoyashona. Tangu siku hiyo mapindo marefu tunayashona wawili. Vidole vinavyokuwa hatarini ni vyangu, hivyo kazi ya kona na ya karibu na zipu naifanya peke yangu, na tukimaliza natoa sindano na kukifunika cherehani, kwa sababu mdogo wake sasa ameanza kushika kila kilicho mezani.

Kuhusu fedha, fundi wetu hutoza shilingi 5,000 kuunga na kupinda shuka moja, na nimeshona kumi na moja, yetu na ya ndugu. Ukijumlisha magauni, mapazia ya vyumba viwili na foronya, naamini bei ya cherehani imekwisha kurudi. Hata hivyo, asiyekuwa na jioni mbili za wiki za kukaa mezani asikinunue, maana kitageuka kuwa stendi ya kuwekea ndoo, kama vilivyo vingi nilivyoviona majumbani.

Atakayekwenda kununua kilichotumika achukue kipande cha kanga, kipande cha jinzi, uzi mzuri na sindano mpya. Azungushe gurudumu kwanza bila uzi. Liende laini mzunguko mzima, lisikwame mahali pamoja. Ashone kanga iliyokunjwa mara mbili, kisha jinzi iliyokunjwa mara nne, na ageuze kitambaa kutazama mshono wa chini. Halafu afungue kifuniko cha chini na kuhakikisha kwamba kasha la bobini lililomo linakaa sawasawa na halichezi, kwa sababu wauzaji wengine hulitoa lile la asili na kupachika lolote lililopatikana.