Mkanda wa kifuani wa kamera: uliniangusha Feri, na dukani wakanimalizia

Niseme mapema kwamba nimekasirika, na mkanda wenyewe si sababu yote. Ungeharibika tu ningesema ni bahati mbaya, nikanyamaza. Kilichoniumiza ni jibu nililopewa dukani Kariakoo, na kijana ambaye ningeweza kumzaa.

Kazi yangu iko Posta. Saa saba wenzangu wakienda kupanga foleni kwa mama lishe, mimi navaa raba na kutoka kukimbia na kamera yangu ndogo. Sishindani na saa. Nakimbia mwendo ambao mtu akinisalimia namwitikia bila kuhema, na nikiona kitu nasimama. Watu wa picha hupenda kusema mchana hakuna picha, jua kali, subiri jioni. Jioni mimi niko Mbagala kwenye daladala. Halafu si kweli. Desemba na Januari jua la mchana linakuwa kusini mwa Dar es Salaam, kwa hiyo uso wa kanisa la Azania Front unaotazama bandari unawaka mpaka vile vigae vyekundu vinaonekana kimoja kimoja. Juni na Julai jua linahamia kaskazini, kanisa lile lile linakaa kivulini, basi nalipa mgongo na kugeukia majini, mashua na mitumbwi zote zina mwanga usoni. Wiki ya pili ya Oktoba ndiyo ngumu, jua liko utosini na kila mtu amekanyaga kivuli chake mwenyewe. Hata hapo kuna picha.

Njia yangu naanzia Samora, kwenye yule askari wa shaba tunayemwita Bismini, aliyesimamishwa mwaka 1927. Singe yake imeelekezwa bandarini, nami naifuata. Nikiwa na muda nazungukia kwanza Boma la Kale, lile la mawe ya matumbawe la wakati wa Sultani Majid, mkabala na zinapoondokea boti za Zanzibar, halafu narudi kwa kupita kanisa la Mtakatifu Yosefu. Kutoka Azania Front nashika Kivukoni, maji yakiwa kulia kwangu, hadi Feri kwenye soko la samaki. Kisha Barack Obama Drive, upepo wa bahari unanipiga, hadi hospitali ya Ocean Road, na kurudi mjini kwa kupita Bustani ya Mimea. Eneo la Ikulu kamera haitoki kifuani kabisa. Anayeishi mjini hapa anajua kwa nini.

Sasa mkanda. Kabla yake nilikuwa nakimbia na kamera shingoni, inanigonga mbavu. Nikiishika mkononi, pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yangu moyo unaruka, maana wakwapuaji wa Posta wanafahamika. Mkanda huu unapita mabega yote mawili, una kisahani kifuani, na chini ya kamera unafunga kipande kidogo kwa skrubu. Kipande kinaingia kwenye kisahani, kinalia ta, basi. Ukitaka kamera unabonyeza kitufe, inatoka. Kamera haichezi hata ukishuka ngazi unakimbia, na hakuna wa kuipokonya bila kukubeba na wewe.

Nilifurahi jamani. Miezi ile ya mwanzo nilipata picha ambazo sijawahi kuzipata. Pale soko la samaki nafunga fokasi mita mbili hivi, tundu la lenzi nalibana hadi namba 8, halafu sina habari tena na vitufe: mpara samaki aliye karibu yangu na meli iliyotia nanga kule mbali wote wanatoka wazi. Mikono iko huru, nasalimia watu, naomba ruhusa kwa heshima, wananijua. Kuna akina mama wa pweza wananiita "dada wa picha". Ofisini nilimshawishi kila mtu anunue. Ningeandika wakati ule, ningetoa nyota tano na ningelikosea haki duka kwa kutoliongezea ya sita.

Mvua za vuli zilipokuwa zinakatika, siku ya joto la kunata, nilikuwa napita Feri upande wa wavuvi. Pantoni ilikuwa imeshusha watu, barabara imejaa, nimepunguza mwendo karibu kutembea. Nikasikia kifua chepesi. Kabla sijashika, kamera imeshashuka imegonga kingo ya saruji na kubingirika hadi kwenye maji ya samaki. Mama mmoja mwenye beseni aliidaka kabla haijaingia mtaroni, akaifuta kwa kanga yake, akanipa. "Pole dada, kimepona?" Pete ya mbele ya lenzi imebonyea. Chujio haliingii tena mpaka leo.

Nilikaa kwenye kivuli, nikakivua kile kisahani. Ndani ya kitufe kuna springi ndogo ndiyo inayosukuma ulimi wa kufungia. Ilikuwa na kutu nyekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho, imekwama ndani, ulimi umebaki wazi. Kwa nje kila kitu kinang'aa, kimepakwa rangi nyeusi nzuri. Ndani wameweka chuma cha kawaida. Kitu kinachokaa juu ya kifua cha mtu anayekimbia! Jasho lina chumvi, upepo wa bahari una chumvi, na chumvi na chuma kisicho cha pua, kile kinachoshika kutu, tangu lini vilikaa pamoja salama?

Nikaenda nacho dukani Kariakoo. Duka silitaji, ila niliingia na boksi, na risiti ya EFD, na kamera yenyewe. Nikasema habari za kazi mwanangu. Hakuinua macho kwenye simu. "Sema mama." Nikamweleza taratibu, nikamwonyesha kutu. Akaichukua, akaigeuza mara moja, akairudisha juu ya kaunta.

"Hii imeuliwa na jasho lako. Si ya kukimbilia hii."

Nikamgeuzia boksi. Kwenye boksi kuna picha ya mwanamume amevaa kaptura, yuko hewani, miguu yote miwili haigusi chini, na mkanda ule ule kifuani. Nikamuuliza, huyu anafanya nini? Tena siku ya kununua nilimwambia yeye mwenyewe kwamba nakimbia Kivukoni mchana, naye akanijibu ndio wenyewe, chukua huu. Akatazama picha, akacheka na mwenzake, akasema: "Mama, hayo ni ya vijana. Umri huo unakimbia na kamera unampiga nani picha?" Halafu akanyoosha kidole ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nimekaa na maneno hayo wiki kadhaa na bado yananiwasha. Nimelipa kwa pesa yangu, nimedai risiti kama tunavyohimizwa, nimekuja kwa adabu, na mtoto wa watu ananipangia umri wa kukimbia. Asingemjibu hivyo mwanamume wa rika langu, hilo nina uhakika nalo. Na lile bango la ukutani halimlindi kama anavyodhani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema mnunuzi akimweleza muuzaji anataka kitu kwa kazi gani, akategemea ujuzi wake, naye ndiyo biashara yake, kitu hicho kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Nilimweleza. Boksi nalo lilieleza kwa picha.

Basi nilikuwa nimekata shauri kuandika msinunue, nukta. Lakini nikampelekea fundi saa mmoja pale mjini, mzee mtulivu, akaifungua kwa kibano, akatafuta kwenye kopo lake springi ya chuma cha pua ya urefu ule ule, akaikata kidogo, akaiweka. Sikumaliza soda yangu. Bei yake haifiki hata nauli ya bajaji kutoka Posta hadi Kariakoo. Tangu hapo mkanda unafanya kazi vizuri kuliko ulipokuwa mpya, kitufe kinarudi kwa nguvu, na mlio wake wa ta umekuwa mzito. Nimeukimbia nao mvua, nimeukimbia nao jua, kila nikirudi naufuta kwa kitambaa chenye maji baridi. Kwa hiyo ukiniuliza umbo lake na wazo lake, naipenda bidhaa hii. Sijaona nyingine inayokaa kifuani namna hii. Nyota nne.

Hapo ndipo hasira inaponirudia. Kama fundi wa barazani anajua springi gani inafaa, na inauzwa kwa vijisenti, aliyetengeneza alishindwaje kuiweka? Alijua. Ameuza kitu cha kubebea kamera ya laki kadhaa, akabana pesa kwenye kipande kimoja ambacho ndicho kinachoishika kamera isianguke. Hilo sitalipa nyota nne. Nyota mbili, kwa sababu unayakalia vizuri mabega yangu. Duka halina nyota hata moja kwangu, na kama mwenye duka anasoma, kijana wako wa kaunta anakufukuzia wateja huku akicheka.

Kwa atakayenunua pamoja na yote haya: fungua kitufe hapo hapo dukani, zipo skrubu mbili ndogo nyuma ya kisahani. Ukiona springi nyeusi isiyong'aa, mpelekee fundi saa kabla hujatia kamera. Ongeza na kamba nyembamba ya usalama kutoka kwenye kamera hadi kwenye mkanda, kisahani kikiachia inaning'inia badala ya kuanguka. Na kamera ikitoka kwenye kiyoyozi usiifunue mara moja, iache ndani ya mfuko robo saa hivi ipate joto la nje, la sivyo lenzi inafunga ukungu na unafika Azania Front hujapiga kitu.

Pete ya lenzi bado imebonyea na hakuna aliyenilipa. Barua ya malalamiko kwa Tume ya Ushindani nimeshaiandika, nimeambatisha risiti na picha ya boksi, upande ule wenye mkimbiaji.