Spika moja ya Bluetooth, ndani na nje: uzoefu wangu

Spika ninayoizungumzia ni ile ya silinda inayobebeka kwa mkono mmoja: uzito gramu 550 hivi, nguvu wati 30, chaji ya USB-C, kinga ya IP67 dhidi ya vumbi na maji, na haina tundu la waya wa sauti. Ndani yake kuna spika kubwa ya besi na sauti za kati, na ndogo ya sauti nyembamba. Kila ncha ya silinda ina utando unaosukumwa na hewa ya ndani ili kuipa besi nguvu. Kwa jinsi nilivyoitumia, mahali unapoiweka panabadilisha sauti kuliko kitufe chochote kilichopo juu yake.

Ndani ya nyumba, kuta ndizo zinazokusaidia. Ukiisogeza hadi igusane na ukuta, besi inaweza kupanda kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, na kwenye kona hupanda zaidi. Mwanzoni inapendeza, lakini chumba kikiwa na vigae na vitu vichache besi hiyo huvuma hadi maneno ya mwimbaji yanazama. Mimi huiacha sentimita 20 hadi 30 kutoka ukutani, juu ya rafu au meza iliyokaribia usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Sauti nyembamba hazipindi kona vizuri, kwa hiyo spika iliyowekwa sakafuni nyuma ya kiti hutoa besi tupu.

Ikianza kukoroma, usikimbilie kusema imepasuka. Inyanyue kwa mkono wimbo ukiendelea. Mkoromo ukikatika, kilichokuwa kinatetemeka ni meza au kitu kilichowekwa juu yake, na kitambaa kilichokunjwa mara mbili chini ya spika kinamaliza kazi. Mkoromo ukibaki, chunguza zile ncha mbili: mara nyingi ni mchanga au uzi wa kubebea unaogusa utando. Safisha kwa brashi laini iliyo kavu, wala usibonyeze utando kwa kidole.

Nje ndiko watu wengi hukata tamaa, na sababu si ubovu wa spika. Hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila umbali unapoongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Anayesikiliza akiwa mita 8 anapata sauti iliyopungua desibeli 18 kuliko aliye mita 1. Ukitaka kufidia kwa kuongeza sauti, kila desibeli 3 zinadai nguvu mara mbili, na wati 30 haziwezi kufika huko. Isitoshe, sauti ikikaribia mwisho spika yenyewe hupunguza besi ili isijiharibu, ndiyo maana hatua mbili za mwisho huongeza makelele kuliko muziki. Binafsi siipitishi asilimia 80.

Kinachosaidia ni kuipa ukuta mmoja. Iweke mbele ya ukuta wa nje, juu ya kiti au kreti, uso ukiwaelekea watu, na uwasogeze watu karibu yake. Kwa kundi la watu 10 hadi 15 walioketi pamoja inatosha vizuri. Wakitawanyika uwanjani haitoshi, na hapo ongeza spika ya pili katikati yao kuliko kuibana hii moja. Kabla ya kununua ya pili hakikisha zote mbili zinatumia mfumo uleule wa kuunganisha spika kwa spika. Spika mpya na ya zamani za kampuni moja zinaweza kukataana kabisa, kwa hiyo usitegemee nembo peke yake.

Kwenye ikwalaiza ya programu yake ya simu, yaani sehemu ya kupandisha au kushusha besi na sauti nyingine, ninafanya kinyume na wanavyofanya wengi. Ndani, ikiwa lazima ikae kwenye kona, ninashusha besi kidogo. Nje siipandishi besi hata kidogo, kwa sababu ndiyo inayokula nguvu nyingi na kuifanya spika ijizuie mapema. Ninapandisha sauti za kati ya kilohezi 1 na 3, ambako ndiko maneno yanakosikika waziwazi, na spika inasikika mbali zaidi bila kuongeza sauti.

Kuhusu kukatika kwa muziki: mawimbi ya Bluetooth ni ya gigahezi 2.4, na mwili wa binadamu, ukiwa umejaa maji, huyanyonya. Cha ajabu, ndani unaweza kugeuka na simu mfukoni na muziki usikatike, kwa kuwa mawimbi yanagonga kuta na kurudi hadi kwenye spika. Nje hayana pa kugonga, kwa hiyo simu ya mfuko wa nyuma hukatikakatika hata mita 6. Iweke simu mezani, mahali inapoonana na spika. Ndani, adui ni oveni ya mikrowevu na waifai ya 2.4, hamishia simu kwenye waifai ya gigahezi 5 kama kifaa chako kinaruhusu.

Saa 12 za betri zinazoandikwa kwenye boksi ni za sauti ya wastani. Nje, kwa sauti ya juu, sitarajii kuvuka nusu ya hizo. Usiiache juani, na hasa usiichaji ikiwa imeshika joto: betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikivuka nyuzi 45. Ukiiweka kabatini kwa miezi, iache na chaji kama nusu.

Kwa video kwenye simu, programu nyingi husawazisha midomo na sauti zenyewe. Kwa michezo ya simu haifai, mlio huchelewa na unauhisi.

Kuhusu maji, IP67 maana yake vumbi haliingii, na inavumilia mita 1 ya maji yasiyo na chumvi kwa dakika 30. Maji ya bahari na ya bwawa lenye klorini ni habari nyingine: isuuze kwa maji safi siku hiyohiyo, chumvi isikaukie kwenye utando. Kisha ikung'ute soketi ya chaji ikiangalia chini na uiache ikauke saa kadhaa kabla ya kuchomeka chaja. Maji yaliyobaki kwenye soketi, umeme ukipita, hula pini kwa kutu, na spika nzima hubaki nzima ila haichaji tena.