Redmine kwenye kompyuta kuukuu: uzoefu wangu wa kutengeneza dashibodi ya ofisi ndogo Tanga

Ofisi yetu iko Ngamiani. Tunafunga pampu za maji za sola kwenye visima vya shule, misikiti na mashamba ya watu, kuanzia Mkinga na Muheza mpaka Handeni. Wote kwa pamoja hatufiki watu kumi. Mimi ndiye dada wa ofisi: napokea simu, naandika proforma, nafuatilia mizigo ikishushwa stendi ya Kange. Kila asubuhi bosi ana maswali yale yale. Kazi gani imekwama? Imekwamishwa na nini? Nani bado hajamalizia hela yake? Majibu yalikuwepo, ila nusu yako kwenye daftari langu, nusu kwenye WhatsApp, na yaliyobaki vichwani mwa mafundi.

Tulitaka ukurasa mmoja wa kujibu hayo, yaani dashibodi, na bajeti ya kuununua haikuwepo. Programu nyingi za kusimamia kazi hujisifia dashibodi, ukijiunga bure unakuta iko upande wa wanaolipia. Trello, ambayo wengi tunaijua, dashibodi yake iko kwenye mpango wa Premium. Na malipo ya programu hizi mara nyingi ni kwa kila mtumiaji, kila mwezi, kwa dola. Kwa biashara ambayo mteja anaweza kukulipa baada ya mavuno, hesabu hiyo haikai.

Ndipo tukaenda kwa Redmine. Ni programu huria ya kusimamia kazi iliyoanzishwa na Jean-Philippe Lang mwaka 2006, ina leseni ya GPL (inayoruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha), huilipii chochote na haikuhesabii watumiaji. Ukiifungua mara ya kwanza utadhani umerudi enzi za intaneti kafe. Sura hiyo inanifanya niseme mapema: kama unatafuta kitu cha kumpendeza mgeni, siyo hii.

Tuliiweka kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa imetupwa pembeni, RAM GB 4, tukaondoa Windows tukaweka Debian, mfumo wa Linux wa bure. Kijana anayejua Linux ndiye aliyeifunga, na hapo ndipo pesa pekee ilipotoka. Maelezo ya Redmine yenyewe yanaonya kwamba SQLite, database (ghala la data) nyepesi, haifai kwa matumizi ya kweli ya watu wengi, kwa hiyo akatuwekea database ya PostgreSQL. Seva, yaani kompyuta hiyo, inaishi kwenye mtandao wa ofisi tu. Ukishika Wi-Fi yetu unaifungua kwenye kivinjari, hata kwenye simu, na bando likiisha haijali. Umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba ya kompyuta) inatupa muda wa kuizima taratibu.

Sasa dashibodi yenyewe. Kuna ukurasa binafsi wa kila mtumiaji unaoitwa My page, na humo unaongeza vibao unavyotaka. Kibao chenye faida kuliko vyote ni cha orodha iliyohifadhiwa: unachuja kazi, unachagua safu zitakazoonekana, unaipa jina, unaiweka pale. Basi. Kesho ukifungua, inakuonyesha hali ya kesho.

Lakini orodha huchuja kile ulichokijaza, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kuamua tunajaza nini. Kiswahili hakimo kwenye lugha za menyu za toleo tulilonalo, ila majina ya hali za kazi unajiandikia mwenyewe. Zetu ni Mpya, Imepimwa, Inasubiri vifaa, Inasubiri mteja, Fundi yuko saiti, Imekwisha. Kisha nikaongeza visanduku vitatu: wilaya, kifaa kinachokosekana, na deni lililobaki. Cha kifaa nilikifanya cha kuchagua kwenye orodha badala ya kuandika, maana neno "kontrola" (kifaa cha kuongoza pampu) peke yake mafundi wetu wana namna zao za kuliandika, na kompyuta haijui kwamba wote wanasema kitu kimoja.

Kibao cha kwanza ni Vifaa: kazi zote zinazosubiri vifaa, zimepangwa kwa makundi kufuata kifaa kinachokosekana. Nilipoipanga hivyo, kontrola ya pampu ilibeba kundi refu kuliko yote. Kumbe tulikuwa tunaagiza moja moja kutoka Dar, kila moja na nauli yake ya basi! Bosi aliitazama, akamwita muuzaji kwenye simu pale pale, zikaja kwa mzigo mmoja. Kwangu mimi hicho kibao kimoja kimeshalipa gharama ya yule kijana.

Cha pili kinaitwa Kimya. Kinaonyesha kazi ambazo hazijafungwa na hazijaguswa kwa zaidi ya siku 7. Hiki ndicho kilicholeta maneno.

"Dada, hiyo kompyuta yako inanichongea kwa bosi," fundi mmoja aliniambia.

"Haikuchongei kaka. Nitumie sauti tu kwamba uko Handeni na kazi inaendelea, jina lako litatoka."

Siku hizi anatuma, tena kwa mbwembwe.

Cha tatu ni Madeni, na hapa Redmine ilinishangaza kwa wema: kisanduku cha namba unaweza kukiomba kikupe jumla juu ya orodha, na unaweza kukificha kisionekane na kila mtu. Deni tunaliona bosi na mimi. Bosi akiwa safarini naitoa orodha kama PDF namtumia WhatsApp.

Kasoro zipo. Grafu hakuna kwenye vibao hivyo. Ziko programu-jalizi za kuziongeza, ila kijana wetu alitushauri tusizikimbilie, kwa kuwa ukipandisha toleo zinaweza kugoma. Nikitaka grafu natoa orodha kama CSV (faili la jedwali) naichora kwenye LibreOffice Calc, programu ya bure ya majedwali. Pia kila mtu hupanga My page yake mwenyewe. Huwezi kupanga moja ukawagawia wote. Kwetu tunaoihitaji ni wawili, haikusumbua, lakini ofisi yenye watu ishirini itachoka.

Kubwa zaidi, fundi aliye Handeni haifikii. Anatuma sauti na picha, mimi najaza kabla ya kufunga ofisi jioni. Nilipokwenda harusini Pangani hakuna aliyejaza, nikarudi nikakuta Kimya imejaa kazi zilizokuwa zinaendelea vizuri tu. Seva ya kukodi mtandaoni ingeondoa tatizo hilo, ila tungerudi kwenye dola za kila mwezi, na bosi hataki kusikia.

Naipa Redmine alama nne kati ya tano kwa mwenye ofisi ndogo aliye na mtu wa Linux wa kumpigia simu na mtu mmoja mwenye nidhamu ya kujaza. Ukikosa wa pili, baki na daftari. Na ukiifunga, bakapu iwe ya vitu viwili: database pamoja na folda ya files, kwa sababu picha za saiti hazikai ndani ya database. Yetu tunainakili kwenye flashi kila Ijumaa, na flashi inalala nyumbani kwa bosi.